Jibu: Dawa ya nano kwa mgonjwa mmoja ipo kweli?

Umeuliza kama dawa ya nano, yaani inayobebwa na chembe ndogo mno, ya kutengenezewa mgonjwa mmoja ipo au ni maneno tu. Ipo, ndugu yangu. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walimtibu mtoto mchanga ambaye hitilafu ya jeni ilifanya ini lake lishindwe kuondoa amonia, taka yenye sumu, mwilini. Walitengeneza dawa ya kurekebisha kosa lake yeye tu, wakaifungasha ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, wakampa kwa dripu. Hapo ndipo nano inapoingia: bila ganda hilo la mafuta, RNA, molekuli iliyobeba maelekezo ya kurekebisha jeni, ingeharibiwa ndani ya damu kabla ya kufika popote.

Kwa nini ini? Vitone hivyo vikiingia kwenye damu hujivika protini ambayo seli za ini huitambua na kuipokea. Kufika kwenye ubongo bado ni kazi ngumu sana, na kwa maoni yangu hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko hata gharama.

Doxil, dawa ya nano ya saratani, ipo tangu 1995, ila hiyo hailengi jeni za mtu. Kama una mgonjwa, muulize daktari wake kwanza kuhusu kipimo cha jeni.