Kirusi kimeisha, mbona moyo bado unatanuka?
Kwa baadhi ya wagonjwa ambao misuli ya moyo ilivimba kwa sababu ya kirusi (mayokaditisi), zinazoendeleza uharibifu ni seli T zao wenyewe, yaani seli nyeupe za kinga. Seli hizi huchujwa kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani, na zile zinazouvamia mwili huuawa hukohuko. Tatizo ni alfa-mayosini, protini ya misuli ya moyo: haitengenezwi kwenye thaimasi, kwa hiyo seli zinazoilenga hupenya. Kirusi kikipasua misuli, mayosini humwagika, seli hizo huamka na kuushambulia moyo. Kovu likienea, moyo hulegea.

Msikimbilie prednisoloni, dawa ya kuzima kinga. Kwanza kipimwe kipande kidogo cha nyama ya moyo, na dawa itolewe tu kukiwa na seli nyeupe 14 au zaidi kwa milimita 1 ya mraba, zikiwemo seli T 7 au zaidi, na PCR ya virusi (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi) iwe hasi. Kirusi kikiwa bado kimo, kuzima kinga kunakipa nafasi ya kuzaliana.