Kukua katika vichekesho vya papo kwa papo: anza na sikio

Wengi wanaoanza kuchekesha papo kwa papo, bila mswada, hudhani kazi yao ni kupata jibu la kuchekesha kabla ya wenzao. Hapo ndipo wanapokwama. Wakati mchezaji anapika mzaha kichwani, mwenzake ameshataja mambo matatu ambayo hakuyasikia, na kipande, yaani igizo fupi wanalolibuni hapo hapo, kinabaki cha watu wawili wanaosimulia hadithi mbili. Ulimi mwepesi unasaidia, lakini kinachomkuza mchezaji ni sikio, nalo hufundishwa kwa mazoezi.

Zoezi la kuanzia ni la neno la mwisho. Wawili wanazungumza, na kila mmoja lazima aanze sentensi yake kwa neno lililomaliza sentensi ya mwenzake. Mmoja anasema: "Daktari kanikataza kusoma mwaka mzima." Mwingine: "Mzima kabisa nilikuona jana, umefungua gazeti." Huwezi kuandaa jibu mapema kwa sababu hujui mwenzako ataishia wapi. Fanyeni dakika 3, kisha badilisheni jozi. Kiswahili kinatubeba hapa, maana maneno mengi yana maana mbili, na maana ya pili mara nyingi ndiyo inayofungua kipande.

Baada ya hapo ndipo kanuni maarufu ya "ndiyo, na" inapoeleweka vizuri. Mchezaji anakubali ukweli aliouleta mwenzake, halafu anauongezea chake. Mhusika ana ruhusa ya kugoma, kukasirika, hata kukataa kuondoka. Asichoruhusiwa mchezaji ni kuufuta ulimwengu uliokwisha kujengwa. Tuseme mwenzako ameanza hivi: "Kapteni, maji yameingia chumba cha injini." Ukijibu "hii siyo meli, ni benki", umemuua. Ukijibu "kweli? Sasa tufanye nini?", umekubali, ila mzigo wote umemrudishia yeye. Jaribu hivi: "Nimeyaona, ndiyo maana nimevaa suti ya harusi. Sizami na ovaroli mimi." Sasa kuna meli, kuna hatari, na kuna mtu.

Maswali ni mtego mkubwa wa wanaoanza. Kila "nini hicho?" inamlazimisha mwenzako abuni peke yake. Geuza swali liwe kauli: badala ya "umebeba nini?", sema "umelirudisha lile sanduku la babu". Mitego mingine inayodumaza vipande ni kucheza watu wasiojuana, kucheza somo ambamo mmoja anamfundisha mwingine kazi, na kujadili mtu ambaye hayupo jukwaani. Dawa ya yote ni zoezi la sentensi tatu. Mkifika sentensi ya tatu, mtazamaji awe amejua hawa ni nani, wako wapi, na kuna nini kati yao. Kila jozi ipate nusu dakika, ili dakika 10 zitoshe vipande 20. Vingi vitakuwa vibovu, na wingi huo ndio unaopunguza woga.

Kosa la wanaoendelea ni tofauti, na ndilo gumu zaidi kulitibu. Wameshaijua "ndiyo, na", basi wanarundika: kapteni ana suti ya harusi, anaingia papa anayecheza muziki, kisha mzimu, kisha meli inaruka angani. Watazamaji wanachoka kwa sababu hakuna wanachoweza kukitarajia. Jambo la kwanza lisilo la kawaida likishatokea, acha kubuni mapya. Jiulize: kama mtu huyu yuko hivi, mengine anayafanyaje? Kapteni wa suti atakuwa ameyapaka manukato maboya ya kujiokolea. Atawapanga abiria kwa urefu ili picha ya mwisho ipendeze. Mara tatu zinatosha, kila mara juu zaidi ya ile iliyotangulia.

Na yule mwingine? Abaki mtu mwenye akili timamu, aseme kile ambacho mtazamaji anakiwaza, na adai sababu. Hapo swali linafaa, kwa kuwa kuna kitu cha kuulizia. Kwa maoni yetu nafasi hii ndiyo inayompima mchezaji kweli. Bila mtu wa kushangaa, kioja hakina uzito.

Kukata kipande ni kazi ya walio pembeni. Anayekata anapita mbio mbele ya jukwaa, na wanaocheza wanaondoka. Kata kicheko kinapopanda. Ukingoja kipoe, umechelewa. Wanaoanza husubiri hadithi iishe, wakati kipande cha aina hii hakihitaji mwisho.

Usisahau mwili. Keith Johnstone, mwalimu maarufu wa vichekesho hivi, alifundisha kwamba hadhi inaonekana kabla mtu hajatamka neno: kutuliza kichwa unapozungumza kunakupandisha, kujigusagusa uso kunakushusha. Chezeni kipande kilekile mara mbili huku mkibadilishana hadhi. Nyumbani, dakika 5 kwa siku, shika kikombe halisi, kiweke, kisha kishike kisichokuwapo. Kosa la kawaida ni vidole kukunjana mpaka kikombe kinakosa unene, au kukiachia hewani bila kukitua.

Kundi la watu 6 hadi 8, mara moja kwa wiki kwa saa mbili, lenye kocha asiyecheza, linatosha. Viola Spolin, aliyebuni michezo mingi ya aina hii akifanya kazi na watoto Chicago, alimpa mchezaji jambo moja tu la kuzingatia kwa wakati. Nanyi fanyeni hivyo: leo hadhi, wiki ijayo kukata. Kabla ya kuanza, kila mtu aseme wapi hataki kuguswa. Mwili unaojilinda hausikilizi.

Harold, muundo wa onyesho refu unaohusishwa na Del Close, mwalimu wa Kimarekani wa vichekesho hivi, na uliochezwa kwanza mwaka 1967, unatoa vipande vitatu, mchezo wa kundi, vipande vilevile vikirudi, mchezo mwingine, kisha nyuzi zinaungana, yote kutokana na neno moja la watazamaji. Huchukua takribani nusu saa. Msiukimbilie kabla wawili hawajaweza kusimama dakika 3 bila kuokolewa na walio pembeni.

Baada ya onyesho, kocha ndiye anayekosoa. Wachezaji hawakosoani wala hawajitetei. Anayesema "nilikuwa nataka…" ameshaacha kusikiliza. Kisha jirekodi. Tazama mara ya kwanza bila sauti, uone kama uhusiano unasomeka. Mara ya pili hesabu ni mara ngapi ulimkatiza mwenzako, na mara ngapi alileta kitu usikichukue. Andika idadi hizo mbili, uzilinganishe na za mwezi ujao.