Rehema Mhasibu, Rehema Netiboli, Rehema wa Asha: Kujitambulisha Ukiwa Mgeni Kazini

Fungua orodha ya majina kwenye simu ya mtu yeyote hapa Tanzania. Utakuta Juma Fundi Bomba, Neema Maabara, Salum wa Kwaya, Mama Prince Dukani. Hatuhifadhiani kwa majina ya vyeti. Tunahifadhiana kwa jina moja na neno moja la kukumbushia: kazi ya mtu, shughuli anayoipenda, au mtu aliyetukutanisha. Wewe unayeripoti kazini wiki hii, au unayeanza fildi (mafunzo kwa vitendo) ya wiki nane, kazi yako unapojitambulisha ni kumpa mwenzako neno hilo la pili. Usipompa atajitafutia, na mara nyingi atakalopata ni "Mgeni", "Yule Mrefu" au "Mtoto wa Fildi". Jina la namna hiyo likishaingia kwenye simu za watu halitoki upesi.

Tumchukue mtu wa mfano, Rehema, mhasibu aliyepangiwa halmashauri ya wilaya.

Salamu kwanza, maana ikikosewa hiyo mengine hayasikiki. Anayekuzidi umri anaamkiwa shikamoo, hata kama cheo chako kiko juu ya chake. Dereva au mhudumu wa ofisi aliye rika la mama yako anaamkiwa kabla hujauliza faili liko wapi. Kwenye chumba chenye watu wa rika zote, "Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi" inatosha. Kwenye kikao rasmi omba nafasi: "Mwenyekiti, kwa ruhusa yako." Ile "itifaki imezingatiwa" waachie wenye orodha ndefu ya viongozi wa kutaja. Ukipangiwa Nairobi utaona shikamoo haitumiki huko kama inavyotumika Mombasa na pwani kwa jumla. "Habari ya asubuhi" pamoja na Mzee, Mama, Bwana au Bi ndiyo heshima inayoeleweka.

Kisha jina. Taja mawili, polepole, halafu lile unalotaka kuitwa. Wewe jina lako umelizoea hata unalimeza. Mwenzako analisikia mara ya kwanza, feni inazunguka na mlango unafunguliwa na kufungwa. Kama lina ng' au sauti inayowasumbua watu wasiotoka kwenu, lirudie. Jina la kwenye karatasi ni jambo jingine kabisa: hilo lazima lilingane na vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kinasema Rehema na kingine Rahma, mwambie afisa utumishi siku ile ile ya kuripoti, usisubiri mshahara ukwame ndipo uanze kutafuta hati ya kiapo.

Sasa kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mgeni husimama na kusema: "Mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya uhasibu, mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo." Hayo ni maneno ya barua ya maombi, na kazi umeshaipata. Anayekusikiliza ana swali moja tu: huyu nimpelekee nini? Linganisha na hili (masurufu ni fedha anazopewa mtumishi kwa ajili ya kazi, kisha azitolee hesabu):

"Naitwa Rehema Juma, niiteni Rehema. Ni mhasibu, nimeripoti Jumatatu. Nitakuwa upande wa malipo: posho na masurufu. Mwenye masurufu ambayo hajayarejesha anione chumba namba 6, aje na stakabadhi zake. Kabla ya hapa nilifanya fildi miezi miwili upande wa mapato."

Hayafiki maneno 50 na hayamalizi nusu dakika. Ndani yake kuna kada, dawati, mahali pa kumpata, kitu cha kuja nacho, na alikotoka. Kufika saa saba mchana tayari kuna watu wamemhifadhi "Rehema Masurufu", na hilo ni jina la heshima kuliko shahada yoyote, kwa kuwa lina kazi ndani yake. Kwa muuguzi, dawati ni wodi na zamu: "wodi ya wazazi, wiki hii zamu ya usiku." Kwa mwalimu ni somo na madarasa: "Hisabati, kidato cha pili na cha tatu." Kwa mtu wa TEHAMA ni jina la mfumo anaousimamia, ukisema "kompyuta" tu, utaitwa kila printa inapotafuna karatasi, na kazi uliyoajiriwa kuifanya italala.

Uzoefu usiuongeze. Miezi miwili ya fildi ni miezi miwili ya fildi, si "uzoefu wa miaka kadhaa". Ukisema unaujua mfumo wa malipo wa MUSE, sema ulikuwa unafanya nini ndani yake, kuandaa hati za malipo au kuzikagua, kwa sababu kesho utakalishwa mbele yake na watu wawili nyuma ya kiti chako. Anayesema "kuandaa nimeandaa, kuidhinisha sijawahi" hufundishwa siku hiyo hiyo. Aliyesema "naujua" hana wa kumfundisha, kwani kila mtu ameamini.

Kwenye usaili wa mahojiano mambo hugeuka kidogo. Jopo likisema "jieleze kwa kifupi", wasifu wako wanao mezani. Hawataki usomewe upya kuanzia darasa la kwanza. Tumia dakika moja na nusu, isizidi mbili, na anza na sasa: unachofanya leo, kilichokuandaa, halafu kinachokufanya ufae nafasi hii. Wanaoanza na shule ya msingi huishiwa muda wakiwa bado kidato cha nne, na kile jopo lilichotaka kukisikia kinabaki tumboni. Kabila, dini, ndoa na idadi ya watoto usivitaje. Mambo unayoyapenda yaache mpaka uulizwe.

Hayo mambo unayoyapenda yanastahili uangalifu, maana yakisemwa vizuri yanafungua milango ambayo kazi haifungui. "Napenda kusoma, kusikiliza muziki na kusafiri" ni jibu la kila mtu, na jibu la kila mtu halihifadhiki kwenye simu. Ukitaja jambo, liambatanishe na kitu kinachoweza kushikwa: siku, mahali, kiwango, au chombo. "Nacheza netiboli, nafasi ya GS, mfungaji, nilifika UMISSETA, mashindano ya sekondari, ngazi ya mkoa." Aliyesema hivyo katika halmashauri hatamaliza mwezi kabla hajafuatwa na watu wa timu, kwa sababu watumishi wa serikali za mitaa wana mashindano yao ya SHIMISEMITA, na wa wizara na idara wana SHIMIWI, ambako kuna netiboli, kuvuta kamba, riadha, hata karata, drafti na bao. Kocha wa timu ya ofisi kila mwaka anatafuta watu na hajui nani anacheza nini. Mwalimu mgeni anayejua mchezo atahitajika mara mbili, kwenye UMITASHUMTA kwa shule za msingi au UMISSETA kwa sekondari, na ndiye atakayesafiri na wanafunzi.

Taja kiwango chako kwa ukweli. Mchezaji wa bao anajua kama mwenzake ameizoea mbao yenye mashimo 32 na kete 64 au ameitazama tu barazani; mitaji miwili, yaani kula kete mara mbili, inatosha kukujua. Sema "najifunza bao, natafuta wa kunifundisha", na wazee watagombea kukukalisha. Ukisema unapiga kinanda, Jumapili ya kwanza utapelekwa penye kinanda.

Mambo matatu hukwamisha hapa. La kwanza ni biashara kuvaa nguo ya burudani. "Napenda ufugaji, na mayai ninayo, trei bei nafuu" siku ya kwanza husikika kama tangazo, na bosi anajiuliza saa za kazi utazigawaje. Kufuga kuku ni sawa, mayai yasubiri. La pili ni Simba na Yanga. Kutaja timu yako ni njia ya haraka kuliko zote ya kupata ndugu na watani kwa wakati mmoja, kwa kuwa Yanga ipo tangu 1935 na Simba tangu 1936, na kila ofisi ina pande mbili. Itaje kwa sentensi moja, ukitabasamu, na usiitaje kabisa asubuhi baada ya timu yako kuwafunga wenzio. La tatu ni siasa za vyama na mafundisho ya dini: kujitambulisha si mahali pake, hata kama chumba kizima kinaonekana kuwa upande wako.

Urafiki ndio watu huusahau, nao ndio unaosafiri mbali zaidi. Mgeni ambaye mtu mmoja tu wa pale anamjua ana nusu ya utambulisho wake tayari, mradi asiutumie vibaya. Kabla ya kusema "Asha wa maabara ananijua", mpigie Asha. Mwambie unaripoti lini, na muulize kama ni sawa umtaje. Huenda Asha ana ugomvi na mkuu wako mpya na jina lake litakufungia mlango, atakuambia mwenyewe. Akikubali, sema mlivyojuana, si mnavyopendana: "Asha tulisoma wote chuo, tulikuwa kundi moja la fildi." Kauli hiyo inaweza kuthibitishwa, na inamwambia msikilizaji kuwa unayo historia ya kazi na si ya soga pekee.

Jina la mkubwa liache nyumbani. "Mjomba wangu yupo wizarani" hata likisemwa kwa nia safi husikika kama onyo, na tangu hapo hakuna atakayekukosoa usoni. Makosa yako yatajadiliwa ukishatoka chumbani. Kwa kijana anayejifunza kazi hiyo ni hasara kubwa sana.

Na rafiki wa zamani aliyepanda cheo mwite kwa cheo chake mbele ya watu. Mliitana "Kipara" bwenini, sawa. Leo ni Mkuu wa Shule, na walimu wake wamesimama hapo. Mwite Mwalimu au Mkuu. Ukimpa heshima hiyo, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayekutambulisha: "Huyu tulilala kitanda cha juu na chini." Likitoka kwake linakujenga, likitoka kwako linampunguza.

Atakayekuzungusha ofisini naye mwandae. Mpe sentensi mbili kabla hamjaanza mzunguko, "sema nipo malipo, na masurufu yanakuja kwangu", la sivyo atasema "huyu mgeni wetu" kwenye vyumba kumi na viwili.

Anayepangiwa kijijini, mwalimu, mhudumu wa afya au afisa ugani, ana njia ndefu zaidi. Anaanza halmashauri kwa afisa utumishi, anashuka kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji atakachoishi. Barua yako iwe na nakala, maana kila kituo hupenda kubaki na moja. Usiruke hata ngazi moja kwa sababu umekutana na wa juu yake. Aliyerukwa ndiye utakayemhitaji nyumba ya kupanga itakapoleta mgogoro. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, kwa hiyo uliza tarehe na uombe dakika mbili kwenye ajenda.

Pale mbele ya wanakijiji shahada haisaidii chochote. Taja siku, saa, mahali na malipo: "Nitakuwa ghala la kijiji kila Jumatano kuanzia saa tatu asubuhi. Ushauri ni bure. Mwenye mmea unaoumwa aje na jani lake." Ukiulizwa kwenu ni wapi, taja mkoa na wilaya bila kusita. Pengine utatupiwa utani, kama Mnyamwezi anavyotaniwa na Mzaramo. Cheka, jibu kidogo, na usiuanzishe wewe kwa watu ambao hujui kama ni watani zako.

Kundi la WhatsApp la ofisi lina kanuni chache. Badilisha kwanza jina linaloonekana kwenye akaunti yako, maana "Sweet Boy" ndiyo watu watakayoiona kabla ya ujumbe. Andika utambulisho ule ule mfupi uliousema ofisini, uutume mchana na si saa tano usiku, bila sauti iliyorekodiwa; mtu aliye kikaoni hawezi kuifungua.

Halafu jiandae kurudia. Wiki ya tatu nusu ya watu watakuwa wamesahau jina lako, na wewe umesahau ya wengi zaidi. Usiite watu "mkuu" na "mpendwa" mwaka mzima ili kuficha. Sema "naomba unikumbushe jina, mimi ni Rehema wa masurufu", na akikutajia, liandike hapo hapo, jina na neno lake la pili.