Barua kwa Kabula: tuko wangapi wenye jina hili?

Buswelu, Mwanza

Ng'wanone, mwanangu Kabula,

Ujumbe wako nimeusoma, na ile picha nimeiona: ramani ya dunia yenye doa moja jekundu juu ya Tanzania, na chini yake maneno kwamba wanaoitwa Ng'wina ni wachache mno. Umeniuliza jina letu lilitoka wapi, tuko wangapi, na kama huyo kijana wa Kahama anayelitumia ni ndugu yetu. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukachomeka la mtoto: akizaliwa aandikwe Ng'wina au Mwina?

Nianze na idadi, maana hiyo ramani imeniudhi. Imehesabu tahajia, ikadhani imehesabu watu. Mitambo hiyo huokota majina ya mwisho kwenye orodha inazozipata, kisha inakadiria. Kwake Ng'wina ni ukoo mmoja, Ngwina wa pili, Mwina wa tatu. Hata ritifaa yenyewe, ile alama ndogo ya juu kati ya g na w, kwenye simu ina sura mbili, ya kunyooka na ya kupinda, na kompyuta huziona kama alama mbili tofauti. Ukitafuta kwa moja unaikosa nyingine. Fungua pasipoti yako uangalie ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Ritifaa haimo, huondolewa na herufi zikaunganishwa: NGWINA. Kwa hiyo mtu mmoja kama wewe anaweza kuonekana wawili, na ndugu wawili wa tumbo moja wakaonekana hawajuani.

Tena kwetu jina la mwisho si jina la ukoo. Mtoto hupewa lake, likafuata la baba, kisha la babu. Kizazi kikipita, la babu linadondoka na la baba linasogea nyuma. Kwa utaratibu huo jina la guku mkuu, baba wa babu yako, lilipaswa kuishia kwa wajukuu, yaani kwa baba yako. Wewe ni kitukuu, hukupaswa kuwa nalo kabisa. Unalo kwa sababu kuna mahali kalamu ilikataa kusogea. Nimekaa meza ya vizazi na vifo hadi kustaafu, na neno langu mnalijua, mnalicheka kila Krismasi: kalamu haijui damu.

Hata serikali hairahisishi. Sensa ya 2022 ilipata watu 61,741,120 nchi nzima, na mkoa wetu wa Mwanza 3,699,872, lakini matokeo hayatolewi kwa majina ya watu. Kabila lenyewe liliulizwa mara ya mwisho kwenye sensa ya 1967. Anayekuambia akina fulani wako idadi fulani, muulize amehesabia wapi.

Sasa asili. Guku mkuu alizaliwa Masanja, na Masanja ukiwaita sokoni Kisesa watageuka wengi. Majina yetu mengi yanatokana na mazingira ya kuzaliwa. Pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata Shija, aliyetanguliza miguu Kashinje, aliyezaliwa kwenye mvua Mabula, na kama ni wa kike basi wewe hapo. Kila nyumba inaweza kuyazaa upya bila kuiga kwa jirani, kwa hiyo yamejaa kotekote na wenye majina hayo wala si ndugu. Ng'wina halikuzaliwa hivyo, lilitoka kwenye ngoma.

Masanja alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, upande wa Bagalu, mojawapo ya vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana; cha pili ni Bagika. Mashindano ya ngoma Usukumani huamuliwa na umati: baada ya mavuno Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Manju asiye na kituko huimba peke yake. Kituko cha Masanja kilikuwa mamba wa mbao, urefu wa mtu mzima aliyelala. Taya la chini lilishikiliwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe kilicholainishwa kwa samli, na kamba ilipita ndani ya tumbo lililochongwa wazi hadi mkiani. Mvuta kamba alilala kifudifudi nyuma, amefunikwa kaniki. Taya likagonga kwa mdundo uleule wa ngoma, ko, ko, na watu wasimwone anayeligonga. Taya lilichongwa kwa mti mgumu kuliko wa mwili. Likiwa la mti laini mlio unakuwa butu, na msimu mmoja tu limepasuka. Ngozi nayo ikikauka inakaza, mamba anabaki mdomo wazi mbele ya watu, na Bagika hawakuwa watu wa kuacha jambo kama hilo lipite bila wimbo. Aliyekuwa chini ya kaniki ni babu yako Petro, mtoto wa miaka tisa au kumi hivi. Alipokuwa akisimulia alikuwa akigonga meza kwa vidole, mpaka chai inamwagika.

Basi Masanja akawa Ng'wina, yaani mamba, na jina la kuzaliwa likabaki kwa wazee wenzake. Ila lilivyofika kwako ni habari ya watoto wake, na kila mmoja alikutana na kalamu yake.

Petro alikutana na ya mapadri. Kitabu cha ubatizo kina safu zake: namba, tarehe, jina, baba, mama, msimamizi, na pembeni huja kuongezwa kipaimara na ndoa. Padri aliuliza baba yako anaitwa nani, mtoto akataja jina ambalo kijiji kizima kililitumia. Likaandikwa kwenye safu ya baba, likaenda shule, likaenda kazini, likaganda. Shija yeye alikwenda Tanga kwenye katani, manamba, kibarua wa mkataba. Karani wa kipande, ile kadi ya kazi, alikuwa mtu wa pwani, masikio yake hayana ng'w, akaandika Mwina. Simlaumu. Mji wetu wenyewe ulifanyiwa hivyohivyo: Ng'wanza ikawa Mwanza, na Mjerumani alishaiandika Muansa. Watoto wa Shija wako Muheza mpaka leo na ni akina Mwina.

Wa tatu, Mabula, alihamia Geita wakati ule Waingereza wanafungua ardhi ya huko ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo Usukumani, mpango ulioanza 1947. Alipouza pamba aliulizwa jina la baba, naye akasema la kuzaliwa. Mabula Masanja. Hao wa Geita ndio wengi kuliko sisi wote, wana mashamba, wana maduka, na hakuna hata mmoja kwenye ramani yako. Kwa hiyo swali lako la tuko wangapi nikilijibu kwa jina, tunajaa kwenye basi dogo. Nikilijibu kwa kaburi la Masanja, sijui kama uwanja wa shule utatosha.

Na yupo Sayi.

Sayi ni mtoto wa bibi Kashinje, binti wa mwisho wa Masanja. Baba yake hakutoa ng'ombe wa mahari. Kwa mila yetu ng'ombe wasipotolewa, mtoto ni wa kwao na mama, kwa hiyo alilelewa kwa babu yake na shuleni akaandikwa Sayi Ng'wina. Baba yenu mkubwa alipofariki, wewe ulikuwa masomoni, hukuyaona. Faili la mafao lilisema Mwina, cheti cha kifo Ngwina, vyeti vya watoto Ng'wina. Mama yenu mkubwa alirudishwa dirishani na bahasha yake, mwanamke wa umri ule, kutoka Magu na kurudi Magu. Ikabidi ufanyike utaratibu mzima: barua ya mtendaji wa kijiji, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja, ndipo Mahakama ya Mwanzo kwa usimamizi wa mirathi.

Kwenye kikao, muhtasari ulipofika kwenye orodha ya wanaukoo, mzee mmoja akasema Sayi asiandikwe, yeye si Ng'wina. Sayi alikuwa amekaa karibu na mlango. Lori la msiba alilikodi yeye. Vitambulisho vilikuwa vimerundikwa mezani ili nambari zinakiliwe, na kati ya vyote ni cha kwake tu kilichosoma Ng'wina, ritifaa mahali pake. Wengine wote walikuwa Ngwina, Mwina na Masanja. Wakamwandika chini, kwenye nafasi ya shahidi. Akasaini. Sisi wake tulioolewa hatukuulizwa.

Hapo huwa nabishana na nafsi yangu. Ni mimi ninayesema kalamu haijui damu, sasa kwa nini nikasirike kwamba kitambulisho chake hakikuheshimiwa? Lakini mila waliyoitumia kumtoa ndiyo hiyohiyo iliyomwingiza. Wapo wanaodai ng'ombe walikuja baadaye, Sayi akiwa mtu mzima. Walikuja lini, nani aliwapokea, walikula wapi? Haya. Nilijiapiza kwamba hilo nitawaachia wenyewe, na karibu nalisema.

Kijana wa Kahama. Usimuulize jina, hilo mmeshalingana. Mamba wako ziwa zima na manju walikuwa wengi. Huko kwao anaweza kuwepo Ng'wina mwingine aliyeitwa hivyo kwa sababu zake. Muulize baba wa babu yake alizaliwa akiitwa nani kabla ya jina hilo. Muulize makaburi ya kwao yako wapi, kijiji na upande gani wa mlima, maana kaburi halihami kama watu walivyohamishwa kwenye vijiji vya 1974. Muulize ng'ombe wa mahari ya shangazi zake waliingia zizi la nani. Akitaja Masanja na kusini mwa Ghuba ya Speke, nipigie. Akitaja mengine, mwite ndugu kwa heshima ya jina, lakini usimkopeshe hela. Ukipenda kutafuta wengine, zile orodha za wanaochaguliwa kuingia kidato cha tano zinaonyesha jina na shule aliyotoka mtu, na daftari la awali la wapiga kura hubandikwa wazi vituoni. Tafuta tahajia zote, pamoja na Muina, na usisahau Masanja wa Geita.

La mtoto. Ungeniuliza nikiwa kazini ningekujibu kabla hujakaa. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ndilo huandamana na mtoto kwenye kitambulisho cha NIDA, pasipoti, benki na mafao, na linalobishana na la baba yake huja kumsumbua mjane wa mtu. Kwa hesabu hiyo Mwina ni rahisi: halina ritifaa, kila karani analiweza, mashine hailikati. Ila mume wako si Mwina wala Ng'wina, mna jina lake pia, na mnaweza kuliacha la kwetu kabisa, utaratibu wa majina matatu ndivyo unavyotaka. Nasema hivyo, halafu nasikia yule mamba wa Petro akigonga mezani. Hapana, sikuamulii. Nyie ndio wazazi. Ingawa kama kuna mtu anadhani Ng'wina ni jina gumu, amewahi kuandika Ng'wanamashalla?

Mkiamua, liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako mwenyewe, ritifaa iwe juu kati ya G na W, isigusane na herufi, maana ikigusa inasomwa kama I. Mpe karani hiyo karatasi, usimtajie kwa mdomo. Cheti cha chini ya miaka mitano mnaweza kukipata kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Kisome palepale kabla hujaondoka, jina la mtoto, la baba, la mama. Kosa la siku hiyo husahihishwa mezani. Likishaingia kwenye vyeti vya mitihani, mtoto huishia kuufuata mtihani badala ya mtihani kumfuata yeye. Na usichanganye kiapo na hati ya kubadili jina. Kiapo kinasema majina mawili ni mtu mmoja, basi, hakibadilishi kitu. Hati huandaliwa na wakili na husajiliwa, na kuanzia hapo jina la zamani hulitumii tena.

Namba ya Sayi nimekutumia kwenye simu. Ukija likizo ya Juni pitia kwake kwanza, kabla ya kwa wazee. Ana kile kitabu cha ubatizo alichonakili kwa mkono, ukurasa wa Petro, na hakubali kipigwe picha na mtu mwingine.

Mayu wako