Ukiitwa kumsaidia rafiki gari lake la zamani

Kama umeanza kushika spana karibuni, haitachukua muda atatokea rafiki aliyenunua gari la mkononi na kukuomba ukamwangalizie. Mara nyingi litakuwa Toyota ya miaka ya tisini iliyopita kwa wenyewe watatu au wanne, na fedha yote aliyokuwa nayo imeishia kwenye kulinunua. Mimi nilianza hivyo. Jamaa yangu wa Tabata alinunua Corolla 110, namba B, akanipigia jioni ile ile. Tangu hapo tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye uwanja wa nyumba yao, na karibu yote nitakayoandika hapa nimeyapata pale.

Siku ya kwanza usifungue kitu. Mwambie rafiki yako usiku uliotangulia achane boksi kubwa, alitandike chini ya injini, alale. Asubuhi mchuchumae wote wawili mlisome lile boksi. Tone jeusi ni oili ya injini. Jekundu ni oili ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Tone la kijani au la waridi linaloteleza ukilisugua kwa vidole ni kulanti, yale maji ya kupozea injini. Weka alama ya kalamu kila tone lilipoangukia, kisha tazama juu yake kuna nini. Boksi la bure litakuonyesha mengi kuliko maneno ya aliyeuza gari.

Injini ikiwa bado baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Gari liwe mahali tambarare. Watu wengi husoma mara ya kwanza bila kufuta na wanadanganyika, kwa sababu oili imejipaka juu ya kijiti. Rangi nyeusi isikutishe, oili iliyofanya kazi huwa nyeusi. Itakayokushtua ni rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni maji yaliyoingia kwenye oili, mara nyingi kwa kuharibika gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, na hapo injini isiwashwe tena mpaka fundi aione.

Kumwaga oili ndiyo kazi wanayoanzia wote. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipokosea.

Jumamosi yetu ya kwanza tuliiwasha injini dakika tano ipate uvuguvugu, tukalegeza bolti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa spana namba 14, oili ikashuka kwenye beseni. Nikang'oa filta ya zamani kwa mkono. Nikapaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, nikaifunga, tukajaza oili, tukawasha. Taa nyekundu ya oili ikazimika kama inavyotakiwa. Jamaa yangu akatoka kwenda Segerea kumchukua mama yake. Baada ya robo saa akanipigia: taa imewaka na nyuma ya gari kuna mstari mweusi barabarani. Nilimwambia azime palepale alipo, asisogee hata mita kumi kutafuta kivuli.

Nilipofika nikalala chini ya gari na kuiona filta inang'aa kwa oili. Nilipoifungua, mipira ikawa miwili. Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini, ukiwa mweusi juu ya chuma cheusi, na mimi nikafunga mpya juu yake. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mipira ilivumilia. Alipokanyaga mafuta kupanda barabara kuu, msukumo wa oili ukausukuma mpira mmoja nje. Injini ilipona kwa sababu tu jamaa alikuwa akitazama dashibodi na alizima kwa wakati. Nililipa oili ya pili mimi, na ilikuwa haki.

Kwa hiyo, ukitoa filta ya zamani, igeuze uutazame mpira wake. Kama haupo, uko kwenye injini. Pitisha kidole kwenye kikalio kizima, pale filta inapokalia injini, futa kwa kitambaa, kisha ndipo ufunge mpya. Ikishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, bila spana. Bolti ya sampo nayo usiikaze kwa nguvu zako zote. Sampo ikiliwa nyuzi zake utakuwa umempa rafiki gharama ambayo hakuwa nayo asubuhi. Anza kwa vidole mpaka ikalie, kisha kaza kiasi kwa spana fupi. Baada ya kuwasha, lala chini utazame kwa dakika mbili nzima huku mwenzako akikanyaga mafuta kidogo kidogo. Zima, subiri, pima tena kijiti.

Oili chafu iwekeni kwenye dumu. Msiimwage mtaroni. Mafundi wa mapaa wanaitafuta kwa kupaka mbao zisiliwe na mchwa, na kwetu Tabata dumu halimalizi siku mbili bila mtu kuliulizia.

Sasa jeki. Hapa nakuomba unisikilize kama kaka yako. Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati. Jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Usiweke matofali ya saruji pia. Tofali linaweza kubeba uzito asubuhi nzima, halafu likapasuka ghafla bila kutoa mlio wa kukuonya. Nunueni stendi mbili za jeki mchangie. Zitawatosha miaka yote. Hata mkiwa nazo, laza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari, upande unaofanyia kazi, na weka kigingi cha mbao kwenye matairi yanayobaki chini. Kumbuka kwenye magari mengi handbreki inashika matairi ya nyuma pekee, kwa hiyo ukiinua nyuma haikusaidii kitu. Nati za tairi zilegeze gari likiwa bado chini.

Rafiki wengi watakuja na neno moja: "Linachemsha." Kabla hujagusa chochote, muulize linachemsha wapi. Kama ni kwenye foleni ya Ubungo na ukitoka kwenye foleni mshale unashuka wenyewe, tazama feni ya rejeta. Gari likikimbia upepo unapoza rejeta. Likisimama inategemea feni. Kama linachemsha likiwa kwenye mwendo au linapopanda mlima kama Kitonga, tafuta upungufu wa maji, rejeta iliyoziba, au gasketi. Swali hilo moja litawaokolea nusu ya siku.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Mara nyingi utaona umeandikwa 0.9, hicho ni kipimo cha msukumo unaoushikilia. Maji yakiwa chini ya msukumo huo hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118, badala ya 100. Ukifungua, msukumo unatoka mara moja, na maji yaliyotulia yanageuka mvuke usoni kwako. Subirini hata saa nzima. Mkishafungua, jazeni kulanti. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na ndani ya rejeta hufanya kutu unayoiona kama tope jekundu.

Kuna jambo lingine kuhusu joto ambalo linaniuma sana, nalo ni kutupa thamostati. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa wakisema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Jamaa yangu alikuwa akilalamika kila wiki kwamba gari linakula mafuta. Tulibadili plagi, tukapuliza filta ya hewa, bado. Siku moja nikaona kwamba tukielekea Kibaha asubuhi mshale wa joto unalala chini kabisa. Tukafungua nyumba ya thamostati: tupu. Kidude kile hufunga njia ya maji injini ikiwa baridi ili ipate moto upesi, na kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kikiondolewa, injini inakimbia baridi, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Vyuma navyo vinalika haraka kwa sababu oili haijapata joto lake. Tulinunua mpya, tukaiweka ile sehemu yenye kipini kinachochezacheza iangalie juu ili hewa itoke, tukaweka gasketi mpya. Mwezi uliofuata jamaa mwenyewe ndiye aliyeniambia tanki limemfikisha mbali zaidi.

Plagi zitoe injini ikiwa baridi, moja moja, ya kwanza irudi ndipo ugeukie ya pili. Ukichomoa waya zote nne kwa pamoja mtazichanganya na gari litatetemeka. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Yenye masizi makavu inaungua mafuta mengi. Yenye kuloa oili nje, kwenye shimo lake, inakuonyesha mpira wa mfuniko wa valvu umechoka, na hiyo ni kazi ndogo. Ikiloa oili kwenye ncha yenyewe, oili inapenya mpaka ndani ya silinda, hilo ni la fundi. Kurudisha, anza kwa vidole tu mpaka igome. Silinda hedi ni ya aluminiamu na ukilazimisha kwa spana ikiwa imekaa upande utaharibu nyuzi.

Filta ya hewa ikague kila mara ikiwa rafiki anapita barabara za vumbi. Betri: toa hasi kwanza, irudishe mwisho. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake unasafishwa kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri nzima inasoma kama volti 12.6, likiwa linawaka inapaswa kupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, msikimbilie betri mpya kabla ya kupima altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka.

Breki angalieni, msifungue. Ukitoa tairi unaweza kuona unene wa pedi. Zikikaribia milimita 3 apelekwe gereji. Oili ya breki ikipungua kwenye kikopo chake, pedi zimelika au kuna mahali panavuja, na kujaza tu ni kuficha ugonjwa. Mimi nimejifunza breki nikiwa nimesimama nyuma ya fundi miezi kadhaa, na bado gari la mtu mwingine simfungulii bila fundi kulipitia. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zifunguke kwa wakati wake, ni vivyo hivyo. Injini nyingi za Toyota za wakati ule zinautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Spea msinunue kwa jina la gari peke yake. Mkienda Kariakoo au Gerezani, bebeni kifaa cha zamani mkononi na picha ya kibati kilicho kwenye chumba cha injini, chenye namba ya chasisi. Corolla mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na injini tofauti. Linganisheni kaunta palepale: urefu, matundu, meno. Duka linalokataa mlinganishe, tokeni.

Upande wa fedha, rafiki anunue mwenyewe na risiti ibaki kwake. Usishike hela yake hata akikusukumia. Na umwachie ashike spana. Najua ni haraka zaidi ukifanya wewe, lakini jamaa yangu alianza kulijua gari lake siku nilipokaa kwenye kigoda nikamwambia alale yeye chini. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui kabla ya kufungua. Fundi wake wa zamani usimtukane. Hujui alipewa shilingi ngapi na aliambiwa afanye nini.

Tafuteni daftari dogo, liwe kwenye droo ya dashibodi. Ukurasa wa kwanza andikeni namba ya chasisi, aina ya oili, saizi ya matairi. Kuanzia wa pili, tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei. La jamaa yangu sasa limejaa madoa ya vidole, na mistari ya mwisho mitatu ni ya mwandiko wake: oili na filta, mpira wa zamani umeonekana, hakuna tone kwenye boksi.