Kuchora vitabu vya watoto ukiwa Kigoma: jibu kwa mdogo wangu wa Kasulu

Mdogo wangu umeuliza: unachora, unataka kuchora vitabu vya watoto, je, ni lazima uhamie Dar? Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja nikiwa hapa Kigoma mjini, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Usihame kwa sababu hiyo. Wachapishaji wengi wako Dar, lakini hadithi inakuja kwa barua pepe, unachora rasimu za penseli, unaziskani, mhariri anarudisha na maoni yake, ndipo unatia rangi. Kinachokwamisha ni mtandao. Faili za mwisho ni nzito (nukta 300 kwa inchi), mimi huzituma usiku wa manane.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanadhani ni mkono, kumbe ni macho. Mwaka wangu wa pili nilipewa hadithi ya mtoto wa mvuvi wa dagaa. Ukurasa wa usiku nikachora mitumbwi miwili iliyounganishwa, taa zinawaka juu ya maji, na mwezi mpevu unamulika mpaka milima ya Kongo. Niliupenda ule ukurasa kuliko yote. Kabla ya kuutuma nikamwonyesha mtoto wa jirani, darasa la tatu, ambaye baba yake anavulia mwalo wa Kibirizi. Akautazama, akauliza, "Hawa wamekwenda kufanya nini?" Nikamwambia wanavua dagaa. Akasema, "Mwezi ukiwa hivi baba analala nyumbani."

Kweli tupu. Dagaa wanafuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima taa haiwavuti tena, ndiyo maana siku hizo wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Mimi nimekulia Tabora, ziwa nimelikuta ukubwani. Mwandishi hakutaja mwezi popote, niliuweka mwenyewe kwa kuupenda. Nikarudia ukurasa wote, siku nne: giza, nyota, na taa za wavuvi wengine kwa mbali zimejipanga kama mtaa. Tangu hapo rasimu zangu zinapita kwa watoto kabla ya kwenda kwa mhariri. Mtoto asiyejua herufi anasoma picha, tena hasazi kitu. Ukimvalisha mhusika ndala ukurasa wa 5 na ukurasa wa 6 yuko peku, atakuuliza ndala zimekwenda wapi.

Kwa hiyo kabla ya ukurasa wowote, tengeneza karatasi ya mhusika: mbele, ubavuni, mgongoni, akilia, akikimbia. Pima kwa kichwa chake. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hivi, mtoto wa miaka mitano ana vitano au sita. Wanaoanza huchora mtu mzima aliyefupishwa, na hapo hata ukimpa sare ya shule hafanani na mtoto.

Kiwandani kurasa zinakwenda kwa mafungu, 16, 24 au 32, kwa hiyo hadithi igawe mapema. Uso wa mhusika usiuweke katikati kitabu kinapokunjwa, utamezwa. Rangi izidi ukingo kwa milimita 3, kisu kikipita pasibaki weupe. Na bluu ya ziwa inayong'aa kwenye kompyuta ikichapwa hupooza. Omba karatasi ya majaribio.

Malipo nayaandika kwa uchungu kidogo. Mchapishaji mmoja alinilipa mkupuo, nikasaini bila kusoma vizuri. Baadaye nikakuta michoro yangu kwenye kalenda dukani. Nilipouliza nikaonyeshwa mstari wa mkataba: "haki zote". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa, lakini ukiziuza haki kwa maandishi umeziuza. Mkupuo si mbaya, nami naupokea hadi leo, ila uandikwe ni wa kitabu kipi na matumizi yapi, na sehemu ya pesa ilipwe rasimu zikikubaliwa, maana rangi na karatasi nzuri unazinunua wewe.

Wahariri hawahitaji picha moja nzuri, wanataka kuona kama unaweza kumrudia mtu yuleyule. Chagua mtoto mmoja hapo Kasulu, mchore akichota maji, akigombana na mdogo wake, akisinzia darasani. Weka hapa hizo tatu, nitazitazama moja moja na kukuambia ninachokiona.