Maswali ya Wasomaji: Galapagos Inaniletea Jibu Lile Lile

SWALI: Nasanifu ofisi ya ghorofa tatu Dar es Salaam. Madirisha ya magharibi nayawekea mapezi ya wima ya alumini. Nimeiwekea Galapagos, kitafutaji cha jibu bora ndani ya Grasshopper (programu ya kusanifu maumbo), itafute umbo linalopunguza jua. Kila mara inaleta mapezi ya kina cha mita 1.2 yaliyobanana. Mteja anataka machaguo. Nimekosea wapi?

JIBU: Galapagos imefanya ulichoiagiza. Hupokea namba moja tu ya kupimia ubora, nawe umeipa jua peke yake. Bei ya alumini haimo, wala anayeketi ndani ataona nini nje. Basi inasukuma slaida, yaani vitelezi vya vipimo, mpaka mwisho.

Kwa shida yako afadhali Colibri, programu-jalizi ya Grasshopper: haitafuti mshindi, inapitia michanganyiko yote na kuhifadhi picha na namba za kila mmoja. Weka kina mita 0.3 hadi 1.2 kwa hatua ya 0.1, nafasi kati ya mapezi mita 0.4 hadi 1.2 kwa hatua ya 0.2, na mzunguko wa pezi nyuzi -45 hadi 45 kwa hatua ya 15. Hayo ni machaguo 350. Kila moja likichukua sekunde 20, kazi inakwisha kwa karibu saa mbili. Ukiruhusu kina kiende kwa sentimita mojamoja yatafika 3,185, zaidi ya saa kumi na saba, na kivuli hakitabadilika cha kuonekana.

Zile nyuzi za hasi usiziache. Dar jua huzama kaskazini ya magharibi mwezi Juni na kusini yake Desemba. Pezi lililogeuzwa upande mmoja hukinga msimu mmoja na kuufungulia mwingine. Kwa hiyo pima kwa Ladybug (programu-jalizi ya kukokotoa jua) na faili la EPW, yaani takwimu za hali ya hewa, la mwaka mzima, si siku moja.

Mbali na jua, toa namba mbili zaidi: mita za mraba za alumini, na asilimia ya dirisha inayobaki wazi machoni pa aliyeketi. Zipe slaida majina kwanza, maana ndiyo yatakayokuwa vichwa vya safu katika jedwali la matokeo. Jaribu machaguo machache kabla ya yote: folda ikibaki tupu, hujawasha kuandika kwenye Aggregator, sehemu ya Colibri inayohifadhi matokeo. Kazi ikiendelea usiguse kamera, la sivyo picha hazitalinganishika.

Faili la CSV (hilo jedwali la matokeo) na picha zake lifungue kwenye Design Explorer, ukurasa wa wavuti unaoonyesha kila namba kwenye mhimili wake. Buruta kwenye mhimili wa alumini kuweka kikomo cha bajeti, kisha kwenye wa jua. Katika yanayobaki, mchagulie mteja manne au matano yanayotofautiana kwa umbo; yaliyopishana kwa sentimita kumi ya kina ataona ni kitu kimoja.